Maji ya Nguo Yanakwenda Wapi?

Chumvi ndiyo iliyoanza. Ketrina alifungua kopo asubuhi ili aongeze chumvi kwenye maharage. Akakuta chumvi imeshikana kama tope, na chini ya kopo maji yametuama. Alidhani mtoto ameichezea. Akaimwaga, akafungua pakiti nyingine. Haikupita wiki, nayo ikalowa.

Kisha kiberiti kikakataa kuwaka. Kisha vioo vya madirisha vikaanza kutoka jasho kwa ndani. Ketrina alipitisha kidole kwenye kioo, maji yakamchirizika mkononi. Aliangalia juu. Bati halikuvuja. Nje mvua ilinyesha, lakini maji haya yalikuwa ya ndani ya nyumba.

Hakumwambia mtu. Ketrina hakuwa mtu wa maneno. Aliishia darasa la tano kule Ibaba, milimani Ileje. Tangu siku alipoacha shule alizoea kufikiri kwamba anayejua jambo ni mtu mwingine, si yeye.

Sasa aliishi Tunduma, katika mtaa ambao nyumba zake zimebanana. Hapakuwa mbali na barabara kuu, ambako malori hupanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Mume wake, Lusubilo, alikuwa na duka la vipuri vya malori. Walikuwa na watoto wawili: Angel, msichana wa miaka minne, na Brayson, ambaye bado alikuwa ananyonya. Baba mkwe wake, Mzee Ezron, naye alikaa nao. Alihama Ibaba baada ya mke wake kufariki, akaja na magunia yake ya mahindi.

Kwa desturi waliyolelewa nayo, mkamwana na baba mkwe hawasemezani ana kwa ana. Hawakai chumba kimoja. Baba mkwe akipita, mkamwana anasogea pembeni na kuangalia kando. Hiyo si chuki. Ni heshima, na Ketrina aliishika vizuri. Kwa hiyo, katika nyumba ile, maneno yalipitia kwa Angel.

"Angel, mwambie mama yako maharage ya leo yameiva vizuri," Mzee alisema siku moja kutoka barazani, kwa sauti iliyofika hadi jikoni.

"Mama, Babu anasema maharage yameiva vizuri."

"Mwambie ahsante."

"Babu, Mama anasema ahsante. Na anasema tununue mahindi ya kuchoma."

"Hilo la mahindi amelisema mama yako?"

Angel alifikiri kidogo. "Amelisema kimoyomoyo," alijibu.

Mzee alicheka. Jikoni, Ketrina naye alicheka, akiziba mdomo kwa upande wa kanga.

Wakati huo mashine ilikuwa imeshafika. Lusubilo aliinunua mvua zilipoanza, kwa sababu nguo zilikuwa hazikauki. Nepi za Brayson zilikaa kwenye kamba tangu asubuhi hadi jioni, na jioni zilikuwa na maji kuliko asubuhi. Nguo zake za ndani Ketrina hakuzianika nje kabisa. Baba mkwe angeziona. Alizitundika chumbani, nazo zikanuka uvundo.

Wengine mtaani walikausha nguo za watoto juu ya jiko la mkaa, chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Lusubilo alikataa. "Mkaa chumbani, hapana," alisema. "Si katika nyumba yangu tena." Hakueleza kwa nini. Ketrina hakuuliza. Wote wawili walijua.

Basi Lusubilo akaenda kwa Damiano, muuzaji wa vyombo vya umeme vilivyotumika. Alirudi na mashine ya kukaushia nguo. Ilikuwa nyeupe, yenye mlango wa mviringo mbele. Nyuma ilikuwa na bomba nene la kukunjika.

"Ndani kuna pipa linalozunguka," Lusubilo alieleza. "Mashine inapuliza hewa ya moto, nguo inazunguka, inakauka. Basi."

"Na hilo bomba?" baba yake aliuliza.

"Linatoa ile hewa ya moto. Damiano amesema litoke nje."

Mzee Ezron aliweka kikombe chake chini. "Lusubilo, kule nyumbani mama yako aliweka wapi mahindi?"

"Darini, juu ya meko."

"Ni nini kilichoyakausha?"

"Joto la meko, Baba."

"Sasa mahindi yangu yamepigwa na mvua njiani, yana unyevu. Wewe una joto unalolipia, halafu unataka kwenda kuwapa majirani?"

Maneno ya baba yake yalionekana kuwa na maana. Siku hiyohiyo waliiweka mashine sebuleni, wakatoboa ukuta wa ndani, wakaingiza bomba kwenye stoo ya mahindi. Stoo ile ilipakana na chumba cha watoto. Walifurahi sana kwa kazi yao.

Ketrina alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni. Alijiuliza swali moja: maji ya nguo yanakwenda wapi? Kisha akajiambia kwamba wanaume wameshapanga. Akarudi kwenye sufuria zake.

Baada ya chumvi na madirisha, yakaja madoa. Yalikuwa meusi, madogo kama mbegu za mchicha, ukutani nyuma ya kitanda cha Angel. Ketrina aliyafuta kwa kitambaa. Yakarudi, tena mengi. Kisha Angel akaanza kukohoa. Alipolala, kifua chake kilitoa sauti nyembamba kama mluzi.

Alimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimsikiliza Angel kifuani kwa muda mrefu.

"Huyu ana pumu," alisema. "Nyumbani kwenu kuna unyevu? Kuna ukungu ukutani?"

"Upo kidogo," Ketrina alijibu, akiangalia sakafu.

"Ukungu unauchokoza ugonjwa wake. Tafuteni unyevu unatoka wapi, muuondoe. Fungueni madirisha." Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akamwonyesha namna ya kumpa mtoto. "Kifua kikibana na dawa hii isipomtuliza haraka, usingoje. Mlete."

Njiani kurudi nyumbani Ketrina alimbeba Angel mgongoni, ingawa alikuwa ameshakua. Alitaka kusikia anavyopumua.

Alikuwapo mtoto mwingine kabla ya Angel. Alikuwa wa kiume. Wakati huo waliishi chumba kimoja cha kupanga, na nepi zake walizikausha juu ya jiko la mkaa, dirisha likiwa limefungwa ili baridi isiingie. Kifua chake kilibana, wakachelewa kumpeleka hospitali. Walimzika kabla hajajifunza kutembea. Alikuwa amepewa jina la babu yake, kama ilivyo kawaida. Na kwa kuwa mkamwana halitamki jina la baba mkwe, Ketrina hakuwahi kumwita mwanawe kwa jina. Alimwita "Baba" tu.

Siku iliyofuata jirani yake, Yunisi, alikuja na mboga za majani. Watu walimwita Mama Happy. Alifanya kazi ya kufua na kukausha mashuka katika gesti moja kwenye barabara kuu, na alikuwa ameifanya miaka mingi.

Alisimama mlangoni, akatazama madirisha. "Mama Angel, nyumba yako inatoka jasho kama imekimbia kutoka Vwawa. Unapika nini?"

"Sipiki kitu."

"Sasa?"

Kwa Yunisi, Ketrina aliweza kusema. Alimweleza habari za chumvi, za kiberiti, za madoa. Kisha akamwonyesha mashine.

"Leta mfuniko wa sufuria," Yunisi alisema. "Uwe wa baridi."

Mashine ilikuwa inakausha taulo. Waliingia stoo. Yunisi aliushika mfuniko mbele ya mdomo wa bomba. Kwa muda mfupi tu mfuniko ukafunikwa na matone, na matone yakaanza kudondoka.

"Taulo lililolowa ni zito," Yunisi alisema. "Likikauka ni jepesi. Ule uzito ulikuwa nini?"

"Maji."

"Mashine haiyali maji, mdogo wangu. Inayageuza mvuke na kuyatoa. Ya kwako inayatoa kwa bomba. Na bomba linayapeleka wapi?"

Ketrina aliangalia magunia. Alifungua moja, akaingiza mkono ndani. Mahindi yalikuwa ya vuguvugu na yamelowa. Alipoutoa mkono, punje zilikuwa na ukungu wa kijani.

"Nani alilielekeza bomba humu?" Yunisi aliuliza.

"Baba."

"Mwambie, basi."

"Nitamwambiaje mimi, Mama Happy? Sisemi naye."

"Mwambie Baba Angel."

"Amekwenda Mbeya kufuata mzigo."

"Heshima ni nzuri," Yunisi alisema. "Lakini mtoto hapumui heshima. Mashine hii usiiwashe hadi mumeo arudi."

Ketrina aliizima. Jioni hakuiwasha. Asubuhi hakuiwasha.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ketrina alikuwa chumbani na watoto. Angel alikuwa amelala, kifua kikipiga mluzi.

"Angel," Mzee aliita kutoka sebuleni. "Mwambie mama yako, mbona leo mashine imelala? Mahindi yanataka joto."

Angel hakujibu. Ketrina naye hakujibu, kwa sababu hapakuwa na wa kumtuma.

Alisikia nyayo za Mzee zikienda kwenye mashine. Alisikia mlango wake ukifunguliwa na blanketi zilizolowa zikiingizwa, kisha mngurumo. Punde hewa nzito ikaanza kuingia kupitia upenyo wa ukuta uliotenga chumba hicho na stoo. Angel aliketi kitandani. Alivuta pumzi kwa mabega. Ketrina alimpa dawa kama alivyoelekezwa. Akangoja. Mabega ya mtoto yaliendelea kupanda na kushuka.

"Mama," Angel alisema, akashindwa kuendelea.

Ketrina alimbeba, akatoka hadi sebuleni. Mzee Ezron alikuwa amesimama karibu na mashine. Alipomwona mkamwana wake amemkabili, aligeuza uso ukutani, kama desturi inavyotaka.

"Baba," Ketrina alisema.

Mzee hakugeuka. Pengine alidhani amesikia vibaya.

"Baba, zima mashine. Maji yote ya blanketi yanaingia chumbani kwa watoto. Ndiyo yanayoleta ukungu. Ndiyo yanayombana mtoto." Alimsogezea Angel karibu. "Mmoja tulishamzika. Izime."

Mzee Ezron aligeuka. Kwa mara ya kwanza walitazamana. Kisha akamtazama Angel, midomo yake ilivyobadilika rangi. Aliizima mashine na kuchukua mwavuli uliokuwa mlangoni. "Brayson nitambeba mimi," alisema. "Twende."

Watu wa mtaani waliwaona wakienda barabarani kutafuta bajaji, mkamwana na baba mkwe chini ya mwavuli mmoja. Walishangaa, wakanong'ona. Wale wawili hawakujali.

Kituoni Angel aliwekewa barakoa ya dawa. Mchana mabega yake yalitulia. Jioni aliomba uji. Muuguzi alisema wamefanya vizuri kuja mapema.

Lusubilo aliporudi, alimkuta baba yake stoo. Bomba lilikuwa limeng'olewa na tundu la ukuta limezibwa kwa saruji. Magunia yote yalikuwa wazi.

"Nimeyaozesha mwenyewe," Mzee alisema. "Meko ya mama yako yalikuwa na kuni kavu. Na darini kulikuwa na njia ya hewa kutoka. Mimi nimeyaletea mvuke."

"Basi tuwape kuku," Lusubilo alisema.

"Hata kuku msiwape," Yunisi alidakia kutoka mlangoni. Alikuwa amekuja kumwona Angel. "Mahindi ya ukungu yana sumu. Kuyaosha hakuiondoi, kuyapika hakuiondoi. Fukieni."

Waliyafukia. Mzee alishika jembe mwenyewe.

Siku iliyofuata walikwenda kwa Damiano: Lusubilo, Ketrina na Yunisi. Damiano alikuwa anaagana na mteja kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa Kibemba. Alipomaliza aliwageukia.

"Mashine ina kosa gani? Mimi nilisema bomba litoke nje."

"Ulisema mara moja, huku unahesabu pesa," Yunisi alimjibu. "Leo tueleze vizuri. Ziko za aina gani?"

Damiano alicheka, akawaonyesha. Pale aliposahau, Yunisi aliongeza.

"Hii ni ya bomba, kama ya kwenu," Damiano alisema. "Ni rahisi kununua na fundi anaitengeneza bila taabu. Lakini inakula umeme sana, na lazima bomba lifike nje. Si stoo, si darini. Nje kabisa."

"Kwangu litatokea wapi?" Lusubilo aliuliza.

"Upande wa stoo kuna dirisha langu," Yunisi alisema. "Mvuke wa nepi za Brayson utakuja kunisalimia kitandani. Upande wa mbele ni barazani kwa Mzee, na nyuma bomba halifiki."

Lusubilo alitikisa kichwa. Hapo hapakufaa.

"Ya pili ni ya tangi," Damiano aliendelea. Alivuta chombo cha plastiki kutoka mbele ya mashine nyingine. "Hii haina bomba. Inaupoza mvuke ndani yake, unageuka maji tena, yanajaa humu. Unamwaga. Bei ni ya kati."

"Lakini umeme inakula kama ile ya kwanza," Yunisi alisema. "Na chumba kinapata joto. Acha mlango wazi."

"Ya tatu nayo ina tangi, ila ndani ina mtambo kama wa friji. Joto lake hailiachi liende, inalitumia tena na tena. Umeme inaokula ni kama nusu ya hizo nyingine."

"Kasoro yake?" Lusubilo aliuliza.

"Ni ghali. Na haina haraka. Nguo zinachukua muda mrefu zaidi. Halafu isafirishwe ikiwa imesimama, na ikifika ipumzike kwanza kabla ya kuwashwa, kama friji."

Lusubilo alikuna kidevu. "Mimi naona ya pili. Bei yake naiweza."

Yunisi alimtazama Ketrina. Ketrina alikuwa anaiangalia ile ya tatu. Wote wakamngoja.

"Nepi ni za kila siku," alisema polepole. "Mvua hapa ni za miezi mingi. Ile ya pili tutainunua mara moja, lakini umeme wake tutaununua kila wiki. Haraka sina. Bora hii."

Lusubilo alifikiri. Kisha akamwambia Damiano, "Umemsikia mwenye nguo. Pokea ile ya zamani, mimi nitaongeza."

"Iwashe kwanza tuione," Yunisi alisema. "Tia taulo lililolowa. Mtumba wa mtambo wa friji haununuliwi kwa macho."

Damiano aliiwasha. Wakangoja hadi taulo lilipokauka na maji yakaonekana kwenye tangi.

Nyumbani Yunisi alimalizia somo. Alivuta chujio la mlangoni, akatoa tabaka la nyuzi laini kama pamba. "Hili lisafishe kila unapomaliza. Nyuzi zikijaa, mashine inapata moto, na nyuzi zinashika moto haraka. Iwe na soketi yake, usiifunge kwenye ekstensheni. Usiiache inafanya kazi mkiwa hamko nyumbani."

"Na ovaroli zangu?" Lusubilo aliuliza.

"Zina petroli na grisi. Hizo usizitie kabisa, hata kama zimefuliwa. Zianike nje. Na wewe Mama Angel, kamua nguo vizuri kwanza. Kila tone unalolikamua kwa mkono ni umeme uliouokoa. Jua likiwaka, mashine ipumzike, kamba ifanye kazi."

Lusubilo alijenga uzio mdogo wa mabanzi nyuma ya nyumba, upande ambao baba yake hapiti. Siku za jua Ketrina alianika humo nguo zote, hata zile alizokuwa akizificha. Kuta zilisuguliwa, zikakauka, zikapakwa chokaa. Pumu ya Angel haikuisha, maana pumu si mafua. Lakini mluzi wa kifuani ulianza kusikika mara chache, na mvua za mwaka uliofuata zilipita bila kukimbizana na bajaji. Vioo vya madirisha vilikuwa vikavu.

Kazi ya kumwaga tangi aliichukua Mzee Ezron. Kila mashine iliponyamaza alilivuta, akalitazama, akastaajabu.

"Haya yote yalikuwa yanaingia kwa mtoto," alisema siku moja. Angel alikuwa nje anacheza. Ketrina alikuwa anakunja nepi, na maneno yale hayakupitia kwa mtu mwingine.

"Ndiyo, Baba."

Mzee alimwaga maji uani, akarudi na tangi tupu mikononi. Hakuliweka mahali pake.

"Yule wa kwanza," alisema. "Mlimpa jina langu."

"Ndiyo, Baba."

"Wewe ulimwitaje?"

"Nilimwita Baba tu."

"Hata siku ya kumzika?"

"Hata siku ile."

Mvua ilianza kugonga bati, kidogokidogo.

"Jina hilo nimempa yeye," Mzee alisema. "Ni lake. Mwite."

Ketrina aliiweka nepi magotini. Jina lilikuwa limekaa kooni kwake miaka yote hiyo, na sasa hakujua kama litatoka. Alifumba macho.

"Ezron," alisema. "Ezron, mwanangu."